Beki Asiyetazama Benchi

Jumamosi ile Revocatus aliingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha, kama alivyozoea kwa miaka kumi na moja. Timu yake, Ziwa Stars ya Musoma, ilikuwa imekwenda mapumziko ikiwa imefungwa mabao mawili kwa bila. Mabao yote yalitokana na makosa ya beki mmoja, na kocha hakuona sababu ya kubisha mlango wa wachezaji wake mwenyewe.

"Clever!" alifoka kabla macho yake hayajazoea kiza cha ndani. "Umelala? Yule mtu anakupita kama anapita fungu la nyanya sokoni! Wewe ni beki au ni kigingi cha kufungia mbuzi?"

Akamfuata mpaka pembeni aliposimama, akamtandika kofi la mgongo lililosikika chumba kizima. Ndipo alipoona. Clever alikuwa amechaniwa bukta kwenye purukushani za kona, naye alikuwa akisubiri aletewe nyingine. Hakuwa na kitu mwilini isipokuwa soksi na viatu. Aligeukia ukutani, akaegemeza paji la uso kwenye tofali, akatulia hivyo hivyo.

Hakuna aliyecheka. Wachezaji wale, ambao walikuwa wakicheka hata mwenzao akivunjika kucha, waliangalia sakafu. Wote walijua kwamba Jumapili iliyotangulia ng'ombe wanane kutoka Butiama walipokelewa nyumbani kwa Revocatus, mahari ya binti yake Happyness. Aliyewatoa ni Clever. Tangu siku hiyo Clever hakuwa tena kijana wa mazoezi. Alikuwa mkwe, na baba mkwe alikuwa amemkuta uchi, amemtukana, na kumpiga, yote kwa mkupuo mmoja.

"Rafaeli," kocha alisema kwa sauti ndogo, akimwita msaidizi wake, "endelea wewe." Akatoka.

Kipindi cha pili Ziwa Stars walirudisha mabao yote mawili. Sare hiyo iliwabakiza kileleni mwa ligi ya mkoa, pointi moja mbele ya timu ya Bunda, na mechi iliyobaki ilikuwa moja tu: dhidi ya hao hao Bunda, kwao, Jumamosi inayofuata. Sare ingewatosha kuwa mabingwa. Kocha mwingine angerudi nyumbani akipiga mluzi. Revocatus alirudi akitafuta maneno ya kumwambia mke wake, na hakuyapata.

Hakuyahitaji. Habari zilikuwa zimefika kabla yake.

*

Mke wake, Nyangi, alikuwa fundi cherehani, na jezi za timu zilipita mikononi mwake kila wiki. Jumatatu asubuhi alikwenda soko la Nyasho kununua uzi. Alipopita kwenye meza za samaki, muuza furu mmoja aliinua kisu chake juu.

"Mama Happy! Tumesikia mzee wako kakagua mzigo kabla binti hajaupokea!"

Meza nzima ya samaki ilicheka. Nyangi naye alicheka, kwa sababu kukasirika sokoni ni kuongeza kuni, akanunua uzi wake, akaondoka bila kudai chenji. Alipofika nyumbani alikaa kwenye cherehani, akaanza kushona namba nne kwenye jezi mpya. Ilikuwa namba ya Clever.

"Ulikuwa na haraka ya nini?" alimuuliza mume wake bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa nimefungwa mbili."

"Ungebisha, mlango ungekufunga la tatu?"

Revocatus alikaa kwenye kiti cha pembeni, mguu mmoja ameunyoosha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye goti moja lililokataa kukunjika. Zamani, akiwa beki wa timu ya mkoa, watu wa Musoma walimwita Mwingereza. Hakuwa na maringo na mpira. Ukimfikia alikuwa anaubutua mpaka upande wa pili wa barabara, kisha anageuka na kuwapanga wenzake kwa kelele. Watu waliokuwa wakisikiliza mpira wa Uingereza redioni waliamini kwamba mabeki wa huko wanacheza hivyo hivyo. Alipoacha kucheza alihudhuria kozi tatu za ukocha, akajaza madaftari manne kwa mwandiko wa kupangika, na jina la Mwingereza likaendelea kumfuata kwenye benchi. Kelele pia zilimfuata. Kila beki aliyepita mikononi mwake alicheza kwa kusikiliza sauti yake.

"Mimi ni Mkatoliki," alisema hatimaye. "Mambo ya kufichana hivyo ni ya zamani. Kule kwetu Kiriba mtu na mkwe wake wanavutaga nyavu pamoja, wamevua mashati."

"Mashati," alisema Nyangi. "Umesema mwenyewe. Na hao si watu wa Kiriba. Kwa akina Masatu, ukoo wa Clever, mkwe hapiti hata kwenye kivuli chako."

Happyness alikuwa amesimama mlangoni akiwa na mkoba wake begani. Alikuwa mwalimu wa chekechea Nyegina, na wakati huo alipaswa kuwa barabarani akisubiri usafiri. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Miaka mitatu nyuma mchumba mwingine alijitoa wiki mbili kabla ya harusi, kadi zikiwa zimeshagawiwa, na kwa mwaka mzima watu walimpa pole kwa sauti ile wanayoitumia kwenye misiba.

"Padri ameshatangaza ndoa yetu mara mbili," alisema. "Jumapili hii ni ya tatu. Nataka kujua tu, Baba. Nikanyooshe gauni au nisinyooshe?"

"Nyoosha."

"Nani kasema? Wewe au wao?"

Revocatus alifungua mdomo, lakini simu yake ikaita. Alikuwa Rafaeli. Huyu Rafaeli, mbali na kuwa msaidizi wake kwenye timu, ndiye aliyekuwa mshenga wa posa, kwa hiyo maneno ya pande zote mbili yalipitia kwake.

"Mwalimu," alisema Rafaeli, "Mzee Masatu anakuita Butiama kesho. Amesema uje na mtu wa kukusemea. Wewe mwenyewe hutaongea."

*

Mzee Masatu alikuwa baba mdogo wa Clever, na ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Revocatus na Rafaeli walifika kwake saa tatu asubuhi. Walipewa benchi nje, karibu na zizi, wakaambiwa wasubiri. Saa nne walipita watu wakiingia ndani, wakamsalimia Rafaeli peke yake. Saa tano alitoka msichana na vikombe viwili vya maziwa. Kimoja alimpa Rafaeli. Cha pili alikipeleka kwa fundi aliyekuwa akitengeneza pampu ya maji, kisha akarudi ndani bila kumwangalia Revocatus.

"Kunywa changu," Rafaeli alinong'ona.

"Kunywa mwenyewe. Umepewa wewe."

Ilipofika saa saba waliitwa. Ndani kulikuwa na wazee watano na picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Mzee Masatu alikuwa mtu mfupi, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, na hakupandisha sauti hata mara moja.

"Rafaeli," alisema, "muulize mwenzako. Alijua kwamba kijana ni mkwe?"

Rafaeli alimgeukia Revocatus aliyekaa pembeni yake, goti kwa goti. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Anasema alijua."

"Muulize kama alisahau."

"Nilisahau," alisema Revocatus moja kwa moja.

Wazee waliguna. Mzee Masatu alisubiri mpaka Rafaeli aliporudia jibu.

"Kusahau kunasameheka. Tutaleta mbuzi, atachinjwa, tutakula. Kofi tutalimeza pamoja na nyama yake. Lakini kuna jambo ambalo mbuzi hawezi kulimaliza. Mwambie hivi. Kijana huyu kila siku ya Mungu anafokewa na mtu huyu mbele ya watu. Anaitwa kigingi. Anaitwa mwanamke. Kesho atazaa, mtoto atauliza, 'Babu, ulikuwa unamwitaje baba?' Mtamjibu nini?"

"Ule ni mpira, mzee," Rafaeli alisema kwa upole. "Uwanjani maneno hayahesabiwi."

"Na mimi nimebatizwa Nyegina kama yeye, najua kusamehe. Lakini suruali ni suruali, hata Papa anavaa." Mzee mmoja alicheka puani, akanyamaza. "Masharti ni haya. Asiingie chumba wanachovulia nguo. Asimguse. Asimfokee. Asimwite jina. Akiwa na neno, wewe upo. Jumamosi nitakuja Bunda mwenyewe, nitakaa mahali ninapomwona. Nikisikia jina la mwanangu kinywani mwake, ng'ombe wetu tunawajua rangi. Tutakuja kuwachukua, na padri tutamwambia sisi wenyewe asisome majina mara ya tatu."

Revocatus alitaka kusema kwamba beki asiyesemeshwa ni nusu ya beki. Rafaeli alimkanyaga mguu.

"Amekubali," alisema Rafaeli.

*

Jumatano na Alhamisi walifanya mazoezi kwa namna ambayo watu wa Musoma walikuja kuitazama bure.

"Rafaeli, mwambie namba nne asogee hatua tatu kushoto."

"Namba nne, hatua tatu kushoto!"

"Mwambie hizo ni tano."

"Hizo ni tano!"

"Mwambie..." Revocatus aliuma midomo. "Mwambie anacheza vizuri."

Watazamaji walipiga makofi. Mmoja alipiga kelele kutoka kwenye uzio, "Mwingereza, leo umeajiri mkalimani!"

Clever hakucheka. Alikuwa kijana mrefu, mchomelea madirisha na mageti, mwenye alama ndogo ndogo za cheche mikononi. Alikuwa amelelewa vizuri, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kocha akisimama upande wa kulia, yeye alitazama kushoto. Kocha akizunguka nyuma ya goli, yeye aliinamia kamba za viatu. Rafaeli alipomwita aliitika bila kugeuka, kwa sababu Rafaeli siku zote alisimama bega kwa bega na kocha.

Mazoezi ya Alhamisi yalipoisha, mwenyekiti wa timu, Makongoro, alimvuta Revocatus pembeni. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mikono yake ilikuwa na vumbi la saruji hata Jumapili.

"Mwalimu, hii sinema itatuua Bunda. Beki haongei na kocha? Bunda wana winga mwenye mbio kama swala."

"Najua."

"Basi vunja hii kitu. Warudishie ng'ombe wao kesho. Jumatatu watoe tena. Ng'ombe hawaozi."

"Unazungumzia binti yangu, mwenyekiti."

"Nazungumzia ubingwa wa mkoa! Tangu niijue timu hii hatujawahi kuunusa. Wewe mwenyewe ulicheza miaka kumi na nne, ulipata kombe gani? Ulipata goti." Makongoro alishusha sauti. "Nakuheshimu. Lakini kama huwezi kuongea na beki wangu, nitatafuta mtu anayeweza."

"Mwache beki nje, basi."

"Na nani acheze? Mimi?"

Revocatus alirudi nyumbani kwa miguu. Happyness alikuwa uani akianua nguo. Gauni alilotaka kuvaa Jumapili halikuwamo kwenye kamba, na baba yake aliliona hilo.

"Clever amenipigia," alisema Happyness. "Anasema ukitaka asicheze, hatacheza. Anasema niseme mimi, kwa sababu yeye hawezi kukuuliza."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Alikunja shuka kwa nguvu kama anayekamua. "Sasa ndiyo naulizwa? Ng'ombe walihesabiwa, sikuulizwa. Wazee wamekaa Butiama, sikuulizwa. Mwenyekiti anataka nirudishwe Ijumaa nichukuliwe tena Jumatatu, kama kreti la soda. Eeh, nimesikia, mji huu hauna siri. Sasa kwenye mpira ndiyo niwe kocha?"

"Happy..."

"Yule wa kwanza aliponiacha, Baba, ulikuwa Tarime na timu. Ulirudi baada ya siku nne. Ukaniuliza kama nimekula." Alibeba beseni la nguo. "Mwache acheze. Anapenda kucheza. Lakini ukimfokea Jumamosi, usirudi hapa kuniuliza kama nimekula."

*

Jumamosi uwanja wa Bunda ulijaa mpaka juu ya paa la choo. Mzee Masatu alifika mapema, na suti yake ya kijivu, akakaa safu ya kwanza ng'ambo ya uwanja, mkabala na mabenchi. Happyness alikaa upande wa mabenchi, mbali kidogo, na walimu wenzake wawili. Nyangi hakuja. Alisema moyo wake si wa mpira wa miguu.

Timu ilipobadili nguo ndani ya gari lake, Revocatus alisimama nje ya mlango akimsikiliza Rafaeli akisoma maelekezo kutoka kwenye daftari lake. Alisikia mahali Rafaeli alipokosea, akanyamaza.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Clever alicheza beki wa kati wa kulia, na katika kipindi hicho upande wa kulia ulikuwa ng'ambo, mbali na mabenchi, mbele ya baba yake mdogo. Alipiga vichwa, akaokoa, akamfunika yule winga mpaka watazamaji wa Bunda wakaanza kumzomea mtu wao. Dakika ya thelathini na mbili Ziwa Stars walipata kona, mpira ukagonga mguu wa mtu na kuingia. Moja kwa bila. Makongoro alimkumbatia Revocatus kwa mikono yake ya saruji.

Timu zilipobadilishana magoli, mambo yaligeuka. Sasa upande wa kulia wa Ziwa Stars ulikuwa huu wa mabenchi, na Clever alikuwa akicheza mita chache kutoka kwa baba mkwe wake.

Revocatus aligundua tatizo dakika ya hamsini na tatu. Mpira ulitoka nje mbele yake kabisa. Beki yeyote angegeuka kuona nani anarusha na nani amejificha pembeni. Clever hakugeuka. Alisimama akiwa ameupa mgongo mstari wa pembeni, shingo imekakamaa kama mtu mwenye jipu, akitazama katikati ya uwanja. Winga wa Bunda alipita nyuma yake akitembea tu. Kipa aliokoa.

"Rafaeli, mwambie ageuke."

"Clever! Geuka! Nyuma yako!"

Clever aliinua mkono kuonyesha amesikia. Hakugeuka.

"Anaogopa kukuona," Rafaeli alisema.

Kocha wa Bunda naye hakuwa mjinga. Alisimama pale kwenye benchi lake, akamtazama Clever, akamtazama Revocatus, kisha akatabasamu na kuwaashiria vijana wake kwa mkono: kila kitu kije upande huu. Wakaja. Dakika ya hamsini na nane krosi ilitoka mbele ya miguu ya Revocatus, winga akaingia mgongoni mwa Clever, akafunga. Moja moja. Uwanja ulitikisika.

Jina lilikuwa limefika kwenye meno ya Revocatus. Alililaza chini ya ulimi. Ng'ambo, Mzee Masatu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, akimwangalia yeye tu. Mpira hakuutazama.

"Sema naye!" Makongoro alimfuata nyuma ya benchi, akitokwa na jasho. "Mfokee kidogo tu, mzee hatasikia na kelele hizi!"

"Mdomo ataona."

"Funika mdomo!"

Alijaribu aliloweza. Alimtuma mchezaji wa kati akawaambie mabeki wawili wabadilishane upande. Wakabadilishana, lakini mwenzake Clever alikuwa mtu wa mguu wa kushoto, na ndani ya dakika tatu alikaribia kujifunga. Wakarudishwa. Nafasi za kubadili wachezaji zilikuwa zimekwisha, watu wawili walikuwa wameumia. Revocatus alisogea mwisho kabisa wa benchi, karibu na kibendera. Clever naye alisogea mbali zaidi, akaacha pengo ambalo gari lingepita. Mpira mmoja uligonga mwamba.

Dakika ya sabini na moja. Sare ilikuwa inatosha, kama ingedumu, na mtu yeyote mwenye macho aliona haitadumu.

Revocatus alifanya kitu ambacho hakukiona kwenye daftari lake lolote. Alikaa chini, akaufikiria uwanja kama alivyowafundisha wengine kuufikiria: ni nani anayeharibu umbo la timu? Ukimpata, mtoe, hata kama ni rafiki yako, hata kama amecheza miaka ishirini. Alihesabu mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Kila mmoja alikuwa mahali pake. Kisha akajiona mwenyewe.

Alisimama, akavua kitambulisho cha benchi shingoni, akaenda kwa mwamuzi wa akiba.

"Nabadilisha."

"Mzee, nafasi zako zimekwisha. Unamtoa nani?"

"Natoka mimi."

Mwamuzi alimwangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Unaumwa?"

"Goti," alisema Revocatus, na wala hakudanganya.

Akarudi akamvika Rafaeli kitambulisho kile.

"Mwalimu, unafanya nini? Mimi bila wewe..."

"Unayo sauti. Simama pale pale nilipokuwa nasimama. Mwite jina lake, mara moja tu, halafu usiseme kitu mpaka amegeuka. Akigeuka mwonyeshe kwa mkono, usitumie maneno. Beki akiwa na hofu hasikii maneno."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mahali asiponiona."

Makongoro alimshika mkono wa shati. "Ukitoka hapa hurudi! Unanisikia, Mwingereza? Mtu anayeacha timu dakika ya sabini harudi kwenye timu yangu!"

"Nakusikia."

"Miaka kumi na moja!"

"Niachie shati, mwenyekiti. Mpira unaendelea."

Alitembea mbele ya jukwaa la Bunda, akichechemea, na watu wakampigia miluzi. "Anakimbia! Mzee anakimbia!" Ganda la chungwa likamgonga bega. Mwingine akamwimbia wimbo wa kushusha maiti kaburini. Hakugeuza uso kwa yeyote. Ng'ambo, Mzee Masatu alikuwa amesimama sasa, akimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

*

Nje ya ukuta kulikuwa na pikipiki zimepangwa, na jiwe kubwa ambalo wenye pikipiki walikuwa wakilikalia. Revocatus alikaa hapo. Ukuta ulikuwa mrefu, hakuona kitu. Alibaki na masikio tu, na masikio ya mtu aliyekaa uwanjani miaka arobaini yanasikia mengi. Alisikia Bunda wakipanda, kelele zikielekea upande wa mabenchi. Alisikia sauti moja ikipenya katikati yake, sauti nyembamba ya Rafaeli.

"Clever!"

Kisha kimya cha Rafaeli. Alisubiri sana, au aliona amesubiri sana. Kelele za Bunda zilipanda, zikafika juu, halafu zikakatika kwa mguno mmoja mrefu wa watu elfu mbili, mguno wa mpira uliookolewa.

Revocatus alijifuta uso kwa kiganja.

Zilipita dakika nyingine. Mlango mdogo wa chuma ulifunguliwa, akatoka Happyness, viatu mkononi, amekimbia.

"Baba."

"Mbona umetoka? Mpira haujaisha."

"Nilikuona unatoka. Nilidhani..." Alishika kifua kupata pumzi. "Baba, wamekutukana."

"Watu wa Bunda wananitukanaga tangu hujazaliwa. Rafaeli alimwita?"

"Alimwita."

"Akageuka?"

"Mara ya kwanza hakugeuka. Aliangalia kwanza kwenye benchi, hivi, kwa kujiiba. Alipoona haupo ndiyo akageuka mwili mzima."

"Rafaeli akamwonyesha mkono gani?"

"Wa kushoto. Clever akarudi nyuma, akamfunika yule mtu. Tangu hapo hawajapita tena."

Revocatus alitikisa kichwa taratibu. "Kushoto. Sawa. Ningemwonyesha hivyo hivyo."

Happyness alikaa kwenye jiwe pembeni yake, akaanza kuvaa viatu. Kamba ya kiatu ilimshinda. Baba yake aliinama kwa shida, goti likalalamika, akamfungia.

"Mzee Masatu aliniashiria kutoka ng'ambo, nikazunguka mpaka kwake," alisema Happyness. "Kaniambia, 'Mwambie baba yako nimeona.' Basi. Hakusema kingine."

"Hicho kinatosha."

"Na mwenyekiti anatangazia kila mtu kwamba umefukuzwa."

"Hilo nalo ni kweli."

"Utafanya nini sasa?"

Revocatus aligeuzia sikio ukutani. Ndani kelele zilianza kupanda tena.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Nne, na za nyongeza."

"Basi rudi ndani ukamwangalie mumeo. Mtu anacheza mpira wa maisha yake, na wewe umekaa na mimi kwenye jiwe."

Happyness alimtazama. Hakuwahi kumsikia akimwita Clever hivyo, siku zote alikuwa akisema "yule beki wangu."

"Twende wote. Tutakaa nyuma kabisa, hatatuona."

"Aliyetolewa hakai nyuma kabisa akichungulia. Nenda."

Akaenda. Mlango wa chuma ukajifunga. Revocatus alikaa wima juu ya jiwe, akisikiliza. Zile dakika nne zilikuwa ndefu, na za nyongeza zilikuwa ndefu zaidi. Mara mbili uwanja ulinguruma, na mara mbili aligandamiza kisigino ardhini kama anayeruka kupiga kichwa. Halafu filimbi ya refa ililia mara tatu.

Bunda nzima ilinyamaza.

Kimya hicho kilikuwa kitamu kuliko kelele zozote alizowahi kupigiwa. Baada ya muda, katikati yake, vilianza kusikika vifijo vichache vya watu wachache, watu wa Musoma, na ndani yake sauti ya Rafaeli iliyokauka kabisa. Mwenye pikipiki mmoja alimsogelea.

"Mzee, si ndiyo kocha wao wewe? Mmechukua! Ingia ukapige picha!"

"Wachezaji watapitia mlango upi?"

"Huu huu. Wanakuja kuvua jezi hapo kwenye gari lao."

Revocatus alisimama, akakung'uta suruali yake. "Basi nipeleke stendi, kijana," alisema, huku akipandisha goti lake bovu juu ya pikipiki. "Twende haraka, kabla hawajatoka."